Baridi ya Mbalizi haiipozi PS yako

Mkazi wa Dar es Salaam akiambiwa kwamba huko Mbalizi, mkoani Mbeya, mashine za gemu zinakufa kwa joto, atadhani anataniwa. Joto lipi hilo, kwenye mji ambao Juni na Julai watu hufungua maduka wakiwa ndani ya makoti na muuza chai hakosi wateja mpaka jua likolee? Lakini tembelea meza za mafundi wa redio na simu kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Utaikuta PlayStation 4, yaani PS4, imevuliwa mfuniko, feni imevaa vumbi zito, na mwenye mali amesimama pembeni akieleza yale yale yanayoelezwa na wenzake kila wiki: inaunguruma hadi mtangazaji wa mechi hasikiki, kisha inatoa onyo kwenye skrini kwamba imepata joto mno, kisha inajizima dakika ya 80 timu yake ikiongoza.

Wengi hukimbilia kusema mashine ni feki, au imechoka, au Mchina kaichezea. Mara nyingi si hivyo. Ubaridi wa nje ni jambo moja na joto la ndani ya mashine ni jambo jingine, na katika mji kama Mbalizi mambo hayo mawili huweza kutengana kabisa. Ukiijua sababu, utaona kwamba sehemu kubwa ya matatizo hayo inatibika kwa brashi, bisibisi na subira, na kwamba tiba nyingi za haraka zinazosifiwa mitaani ndizo zinazoizika mashine.

Hewa nyepesi, vumbi zito

PS4 ya kwanza, iliyotoka Novemba 2013, hutumia zaidi ya wati 100 za umeme mechi inapokuwa imekolea. Umeme huo hauendi popote. Karibu wote hugeuka kuwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huzaliwa kwenye chipu moja iliyo ndogo kuliko kiberiti. Juu ya chipu hiyo huwekwa pesti, ile grisi ya kijivu au nyeupe wanayoijua mafundi, na juu ya pesti kuna kipozeo chenye mapezi mengi membamba ya chuma. Feni husukuma hewa katikati ya mapezi hayo na kulitoa joto nje kwa nyuma. Njia nzima ni hiyo: chipu, pesti, mapezi, hewa. Ikiziba popote, joto hubaki ndani.

Feni hiyo huongozwa na vipima joto. Siku ya baridi huzunguka polepole, siku ya joto huzunguka kwa kasi, ili chipu ibaki kwenye kiwango kile kile. Kwa hiyo mashine iliyo safi itafaidika na baridi ya nyanda za juu kwa kupiga kelele kidogo, basi. Iliyoziba haitasaidiwa na baridi hiyo, kwa sababu hewa baridi haifiki kwenye mapezi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nyanda za juu hawalifikirii. Uwanja wa ndege wa Songwe, jirani na Mbalizi, uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mjini kunakaribia mita 1,700. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 12 hadi 15. Feni ile ile, kwa kasi ile ile, inasukuma hewa pungufu na kubeba joto pungufu. Peke yake upungufu huo hauui mashine, maana zimetengenezwa zikizingatia miinuko kama hiyo. Ila unapunguza akiba: mashine iliyochafuka ambayo pwani ingevumilia kidogo, huku juu huanza kulalamika mapema.

Hapo ndipo linapoingia vumbi. Mvua zikishakata, kuanzia Mei hadi Oktoba, udongo wa Mbalizi hukauka na upepo huufanyia kazi. Barabara kuu ya kwenda Zambia na Kongo inapita katikati ya mji, malori hayalali, na ujenzi wa barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi umeongeza udongo uliochimbuliwa kandokando. Vumbi hilo linapita chini ya mlango, linapita kwenye nyufa za mbao, na feni ya PS inalivuta kwa juhudi zote. Likichanganyika na nyuzi za nguo, nywele na mafuta ya chipsi zinazokaangwa jirani, hugeuka kuwa utando mzito unaofunika mapezi yote. Feni inaongeza kasi ili kufidia, kwa hiyo inavuta vumbi zaidi, kwa hiyo utando unanenepa. Kelele unayoisikia ni mashine inayojitahidi kupumua.

Vibanda na makabati

Nyumbani mashine hufanya kazi saa mbili tatu. Kwenye kibanda cha gemu huanza asubuhi na kuzimwa usiku wa manane, hasa shule zikifungwa. Chumba ni kidogo, paa ni bati lisilo na dari, na saa nane mchana wa Oktoba ndani hakukaliki. Watoto kumi wamebanana kwenye benchi, televisheni tatu nne zinatoa joto lao, na PS yenyewe, kwa kuogopa wezi, imefungiwa ndani ya kasha la mbao lenye kufuli na tundu moja la kupitishia nyaya. Joto linalotolewa kwa nyuma halina pa kwenda; linazunguka humo humo ndani ya kasha na kuvutwa tena. Mwenye kibanda amelinda mali dhidi ya mwizi wa nje na kuikabidhi kwa mwizi wa ndani.

Majumbani kosa lina sura nyingine. PS huwekwa kwenye kabati la televisheni, nyuma ya mlango wa kioo, na juu yake hutandikwa kitambaa cha kufuma ili ipendeze. Wengine huiweka juu ya zulia au kitandani, ambako matundu ya chini huzibwa na manyoya. Maelekezo ya watengenezaji yanataka nafasi ya angalau sentimita 10 kati ya mashine na ukuta. Nafasi hiyo haigharimu hata senti moja, na bado ndiyo inayokosekana mara nyingi zaidi.

Halafu kuna umeme. Unapokatika ghafla, feni husimama papo hapo wakati chipu na mapezi bado ni ya moto. Ukirudi baada ya dakika kumi, kila mtu anawasha. Ukikatika tena, mashine inazima tena. Watu huogopa kwamba umeme ukirudi kwa nguvu utaunguza pawa saplai, na wana haki ya kuogopa. Lakini kuna madhara mengine ya taratibu, na ushahidi wake unatoka mbali na Mbeya.

Somo lililogharimu zaidi ya dola bilioni moja

Microsoft ilianza kuuza mashine yake ya gemu, Xbox 360, Novemba 2005. Muda si mrefu maelfu ya wateja waliona taa tatu nyekundu zikiwaka mbele ya mashine zao, ishara kwamba zimekufa. Malalamiko yalizidi hadi Julai 2007 kampuni ikatangaza kuongeza dhamana ya ubovu huo kuwa miaka 3, na kutenga kati ya dola bilioni 1.05 na bilioni 1.15 kwa ajili ya matengenezo.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba joto kali ndilo lililoyeyusha viungo vya ndani. Mwaka 2021, katika filamu yake ya historia ya Xbox, Microsoft ilieleza kwa uwazi zaidi. Viungo vilivyounganisha sehemu za ndani za chipu vilikuwa vinapasuka, na kilichovipasua hakikuwa kukaa kwenye joto, ila kupanda na kushuka kwa joto. Mashine ikiwashwa vitu hutanuka, ikizimwa husinyaa. Chipu, bodi na lehemu havitanuki kwa kiwango kimoja, kwa hiyo kila mzunguko huvuta viungo kidogo. Baada ya mizunguko mingi, ufa hutokea.

Sony, mtengenezaji wa PlayStation, nayo haikupona. PS3 ya kwanza, ya Novemba 2006, ikawa na taa yake ya njano ya kifo, na Septemba 2009 kipindi cha kutetea walaji cha BBC huko Uingereza kiliitangaza aibu hiyo. Nvidia, iliyobuni chipu ya picha ya PS3, ilishatenga dola milioni 196 mwaka 2008 kwa sababu ya udhaifu wa viungo kwenye chipu zake za kompyuta ndogo. Kipindi hicho hicho viwanda vilikuwa vinaachana na lehemu ya risasi, kwa kuwa sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 iliipiga marufuku kwenye vifaa vingi vya elektroniki. Lehemu ya zamani iliyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Mpya inahitaji karibu 217 hadi 220, na ni ngumu zaidi.

Sasa rudi Mbalizi. Asubuhi ya Julai chumba kina baridi kali. Mashine inawashwa na chipu inapanda hadi kiwango kile kile inachofikia ikiwa Tanga au Mtwara, ila imeanzia chini zaidi, kwa hiyo safari yake ni ndefu. Umeme ukikatika mara tatu kwa siku, safari hiyo inarudiwa mara tatu. Baridi tuliyoidhani mlinzi inarefusha mwendo wa kutanuka na kusinyaa. Ndiyo maana PS ya nyanda za juu haipaswi kuachwa bila matunzo kwa hoja kwamba huku hakuna joto.

Tiba za jikoni

Tangu enzi za PlayStation ya kwanza, ya mwaka 1994, watu wamejitibia wenyewe. Mashine zile za mwanzo ziligoma kusoma CD zikipata joto, kwa kuwa kisomeo kilikaa karibu na pawa saplai na reli yake ya plastiki ililika. Wachezaji duniani kote, na hapa kwetu pia, waligundua kwamba ukiigeuza kichwa chini inasoma. Ujanja ule ulifanya kazi, ingawa haukuponya chochote.

Xbox 360 ilipoanza kufa likaja taulo. Mtu aliizungushia mashine taulo ikiwa imewashwa, akaiacha ijichemshe, kisha akaiacha ipoe. Baadhi ziliwaka tena, na sifa zikaenea. Wengine waliitia bodi kwenye oveni, na pasipo oveni fundi hutumia bloa ya joto, ile ya kuondolea vioo vya simu. Ukweli wa tiba hizi ni mmoja: joto hutanua viungo vilivyopasuka hadi vikagusana tena kwa muda. Siku chache, wiki chache, kisha ufa unarudi ukiwa mpana zaidi. Juu ya hayo, plastiki za soketi hulainika na kapasita huweza kuvimba. Baadhi ya mafundi waliozichunguza PS3 za mwanzo wanasema kwamba si zote zilikuwa na ubovu wa lehemu. Nyingine zilichoka kapasita za kutuliza umeme wa chipu. Kapasita hizo nazo hufufuka kidogo zikipashwa moto, kwa hiyo fundi huweza kupongezwa kwa kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Dawa ya meno badala ya pesti ni tiba nyingine ya kuachana nayo. Siku ya kwanza hupoza kwa sababu ina maji. Maji yakikauka hubaki unga mgumu unaozuia joto, na unyevu wake huweza kula chuma. Kufungua mfuniko na kuiacha mashine uchi mbele ya feni ya mezani nako kuna kasoro: hewa iliyopangwa kupita kwenye mapezi sasa inapita popote, na vumbi linaingia bila kizuizi.

Kuna ujanja mmoja wa mtaani ambao haupaswi kudharauliwa: vizibo vinne vya soda chini ya mashine, kimoja kila kona. Huinua PS kutoka mezani, hewa inapita, na haidhuru kitu.

Kazi unayoiweza nyumbani

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba mashine haina dhamana inayoendelea. Mashine nyingi zinazofika Mbalizi zimeshatumika kwingine, zimepitia Kariakoo au zimeletwa na ndugu, kwa hiyo hilo si tatizo. Ile stika inayotisha kwamba dhamana itakufa ukifungua nayo isikuogopeshe kupita kiasi: Aprili 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia kampuni sita, zikiwemo Sony, Microsoft na Nintendo, kuzionya kuhusu vitisho vya aina hiyo.

Chomoa waya wa umeme, uiache mashine ipoe kabisa. Tandika karatasi nyeupe mezani, na kila skrubu unayoitoa iweke pale pale ulipochora nafasi yake, kwa sababu hazina urefu mmoja na skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa bodi. PS4 ya kwanza inataka bisibisi ya ncha sita yenye tundu katikati. Ukilazimisha kwa kisu utaharibu kichwa cha skrubu na kumwongezea fundi kazi. Angalia pia mikanda myembamba ya nyaya inayounganisha mifuniko na bodi. Usivute kwa pupa.

Ukifika kwenye feni, shika mapanga yake kwa kidole yasizunguke, kisha fagia kwa brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Feni ikizungushwa kwa upepo wa nje huzalisha umeme na kurudisha kwenye bodi, na bearing zake huumia. Kwa sababu hiyo hiyo, achana na kompresa ya gereji. Mbalizi haikosi gereji za malori, na kijana atakwambia tupulizie tu mara moja. Kompresa ya kujazia matairi hutoa upepo wenye matone ya maji na mafuta, na vyote viwili ni sumu ya bodi. Kipulizio cha mkono cha mpira kinatosha, na kazi ifanyike nje ya nyumba, ukiwa umefunga kitambaa puani.

Usafi huu, kila baada ya miezi mitatu kwa kibanda na mara mbili kwa mwaka kwa nyumba, unatosha kunyamazisha mashine nyingi. Ikiwa kelele na kuzima vinaendelea hata baada ya kusafishwa, pesti imekauka. Kuibadilisha ni kazi ya ndani zaidi: bodi inatolewa, pesti ya zamani inapanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti iliyo safi, kisha kila kitu kinaachwa kikauke. Pesti mpya ni kiasi kidogo tu, kama punje ya mchele, katikati ya chipu. Kuirundika hakuongezi ubaridi, kwa kuwa kazi yake ni kuziba mianya isiyoonekana kwa macho kati ya chuma na chuma. Ikizidi huwa yenyewe ndiyo kizuizi. Vile vipande laini vya mpira vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu usivitupe. Navyo hupitisha joto, na vikichanika lazima vibadilishwe kwa vyenye unene ule ule.

Hapa mwachie fundi

Pawa saplai usiifungue. Ndani yake kuna kapasita zinazohifadhi umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa, na hakuna mechi inayostahili kifo. Kwenye PS4 ya kwanza hukaa ndani ya mashine, inatolewa nzima na kuwekwa kando. Hata pawa saplai ya nje si ya kuchezea: mwaka 2005 Sony iliita takriban adapta milioni 3.5 za PS2 nyembamba zirudishwe kwa sababu zilikuwa zinapata joto la hatari.

Humo humo kwenye pawa saplai ndimo wanamojificha mende. Mwaka 2017 mafundi wa Marekani waliviambia vyombo vya habari kwamba PS4 zinaletwa zikiwa na mende, waliovutiwa na matundu mapana na uvuguvugu wa ndani. Kama mende wa Marekani anapenda joto hilo, wa Mbalizi usiku wa Julai atalipenda mara mbili. Mende aliyekauka juu ya njia mbili za umeme huleta shoti. Tiba yake huanzia kwenye usafi wa kibanda: makombo ya andazi na chipsi yafagiliwe kila jioni.

PS5, ya Novemba 2020, ni hadithi nyingine. Badala ya pesti ya kawaida Sony ilitumia metali ya majimaji, ambayo mhandisi wake Yasuhiro Ootori alieleza kwamba maandalizi yake yalichukua zaidi ya miaka 2. Inapitisha joto vizuri sana, lakini inapitisha umeme pia. Tone likitorokea kwenye bodi linaiunguza, na likigusa alumini linaitafuna. Kwa mwenye PS5 kazi ya nyumbani iishie kwenye kuvua mifuniko ya pembeni na kunyonya vumbi kupitia matundu mawili yaliyowekwa maalumu. Ukipita hapo, tafuta fundi aliyewahi kuifungua, na umuulize aliifungaje.

Kumpima fundi si kazi ngumu. Anayekimbilia bloa kabla hajasafisha feni wala hajapima umeme, mkwepe. Anayekuonyesha vumbi alilolitoa, anayekwambia pesti gani amepaka, na anayekubali kusema kwamba mashine hii haitapona, huyo mshike. Naye fundi ajilinde: moshi wa kulehemu si wa kuvuta mchana kutwa ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na mikono iliyoshika risasi ioshwe kabla ya kula.

Vijana hawa wamejifunza kwa macho na kwa kuunguza vidole. Mbeya ina VETA ya mafunzo ya ufundi stadi, ina SIDO ya viwanda vidogo na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST. VETA pia ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana kazini, nje ya darasa. Mafundi wa Mbalizi wautumie, na taasisi hizo ziwafuate kwenye meza zao, kwa sababu mashine zinazotengenezwa hapo leo ni PS na simu, na kesho zitakuwa inveta za sola na mashine za hospitali zinazopozwa kwa feni na mapezi yale yale.

Kwa wewe mwenye PS, kazi ya wikiendi hii ni ndogo. Itoe kwenye kabati, ondoa kitambaa, isogeze kutoka ukutani na uinue kwa vizibo vinne. Umeme ukikatika, subiri dakika chache baada ya kurudi kabla ya kuwasha. Na kama hujaisafisha tangu uinunue, nunua brashi kabla hujaanza kutafuta pesa ya mashine nyingine.